Buti za Chini ya Kitanda

Mei 3

Kaka Mrefu,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata bahasha wakati juzi tu tumeongea kwenye simu. Lakini yale hayakuwa maongezi. Baba aliweka sauti ya nje, mama akawa anauliza kama unakula, mimi nikasema "eeh" na "hapana" mpaka ukaniuliza kama nimemeza kijiko. Unanijua. Kwenye simu ulimi unakuwa jiwe. Kwenye karatasi naweza, kwa sababu hakuna anayenitazama mdomo.

Kuna jambo baba hataki ulijue, na mimi limenikaa kooni.

Unazikumbuka zile buti za mlima ulizomletea ulipopata kazi huko ng'ambo, kwenye kiwanda chenu cha viatu na mikoba ya safari, miaka sita iliyopita? Ulimfungulia boksi mwenyewe, ukamwambia, "Baba, hizi zina dhamana ya maisha. Nikipata likizo tunapanda wote mpaka juu, mimi na wewe, bila wageni." Alizijaribu siku hiyo tu. Alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kabati, akavua. Akasema hizi si za kuongozea wageni, hizi ni za siku ile. Tangu hapo zimekaa chini ya kitanda chao. Kila mwezi anazitoa, anafuta vumbi ambalo halipo, anajaza magazeti mapya ndani, anazirudisha. Mama husema, "Viatu vya mwanao vinalala usingizi mnono, mimi nikikohoa kidogo naambiwa navisumbua."

Sasa uliposema kwenye simu kwamba kiangazi hiki unakuja bila shaka, baba aliamua aanze kuzizoesha miguu. Alitoka nazo uani. Nilikuwa naanika nguo. Alipiga hatua chache, nikasikia sauti kama biskuti inavunjwa. Soli ya kulia ilikuwa imebaki nyuma yake. Haikubanduka, kaka, ilimeguka. Makombo meusi, kama keki iliyoungua. Akapiga hatua nyingine, ya kushoto nayo ikabaki. Basi akasimama pale, juu amevaa ngozi inayong'aa, chini ana soksi. Aligeuka akazitazama soli zake kwenye saruji kama mtu anayetazama nyayo za mgeni. Halafu akaniona.

"Usimwambie kaka yako," akasema. "Atadhani sikuzitunza."

Ndiyo maana nimekuandikia. Sina moyo wa kutunza siri ya namna hiyo.

Na kuna la magoti. Daktari amemwambia kiangazi hiki anaweza, kwa taratibu. Kijacho asahau, hata ngazi za ghorofa azipande kwa kushika ukuta. Yeye amewaambia waongoza wageni wenzake wote pale kwenye geti la mlima kwamba safari yake ya mwisho anapanda na mwanawe. Kiberiti, yule mwenzake mwenye mdomo, anamuuliza kila asubuhi, "Mzee, mwanao anakuja kiangazi hiki au kile cha wajukuu?" Baba anacheka. Mimi huwa nimesimama pembeni na chupa yake ya chai na sicheki.

Ndani ya boksi tulikuta kadi ya dhamana. Nilimsomea. "Maisha," akasema, "si umesikia? Kampuni ya mwanangu. Tutawaandikia wenyewe, tusimsumbue." Atakayeandika ni mimi, kama unavyojua. Nawe uko ndani. Fanya kitu.

Mdogo wako,
Panya


Mei 11

Panya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye foleni ya lifti, watu wakanipita, lifti ikaondoka. Kwa hiyo leo umenichelewesha kazini, hongera.

Hilo la soli hutokea. Ule mpira laini wa katikati, unaobeba uzito, ukikaa bila kuvaliwa unakula unyevu wa hewa na kuoza wenyewe kimyakimya. Unataka kukanyagwa ndiyo uishi. Kama ningejua wakati ule, ningemwambia mzee azivae hata kwenda kununua sukari. Sasa umwambie nini? Kwamba amezitunza mpaka zikafa? Usimwambie.

Mimi bado niko kwenye kitengo cha kupima viatu. Tuna ule mguu wa chuma niliokuhadithia, unatembea kutwa nzima na haujawahi kufika popote. Mambo ya madai si upande wetu, na tumekatazwa kugusa jalada la ndugu. Andika kama mteja yeyote, kwa ile lugha ya darasani. Kwenye kadi kuna anwani. Watakujibu.

Likizo nimeomba. Kampuni ina wenyewe wapya siku hizi, na mkuu wangu ni mtu wa "tutaangalia". Mwambie mzee asikimbie kununua kamba. Kama anavyowaambia wageni wake wakianza kuhema: taratibu, hatufukuzwi na mtu.

Msalimie mama. Soma.

Kaka Mrefu


Mei 20

Kaka Mrefu,

Shikamoo.

Niliandika. Nilitumia kompyuta ya maktaba ya shule na maneno marefu yote ambayo mwalimu huyapigia mstari wa kijani. Niliweka picha za soli na za kadi. Jibu lilikuja kabla sijarudisha kiti. Limeandikwa na mtu anayejiita Rafiki wa Njia, wa Dawati la Wasafiri. Baba akasema, "Unaona? Wana rafiki kabisa."

Lakini sikiliza wanachotaka. Wanasema ili madai yachunguzwe, mteja athibitishe kwamba bidhaa haitatumika tena. Akate ulimi wa kiatu, kisha apasue ngozi kuanzia kisigino hadi vidoleni, viatu vyote viwili, apige picha, atume ndani ya wiki mbili. Kukata kwanza. Kuchunguza baadaye. Nililisoma mara nyingi nikidhani lugha ndiyo imenishinda. Haikunishinda.

Jioni tukazibeba hadi kwa Fundi Kisigino, yule wa kibanda cha bluu. Alizigeuza, akazinusa, akapiga ngozi kwa kidole. "Huku juu hapana kosa," akasema. "Chini nitawekea soli ya mpira mgumu, nishone pembeni kuzunguka. Havitakuwa vyepesi kama alivyoleta mtoto. Lakini vitakupandisha na vitakushusha."

"Vitakuwa na kiraka," baba akasema.

"Mzee, wewe mwenyewe una kiraka gotini."

Baba alicheka, lakini hakumwachia viatu. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Nikishona, nimewaambia watu kwamba kampuni ya mwanangu haishiki neno lake." Halafu akanitazama, kwa sababu mimi ndiye msomaji wa barua. "Wewe unaonaje?"

Kaka, mimi naona tushone. Nilikuwa nalo hilo neno mdomoni. Nikasema, "Sijui."

Ndiyo nimekuwa hivyo. Darasani najua jibu, mkono hauendi juu. Kwa hiyo nisemee wewe. Nakuomba unijibu upesi, na kama barua itachelewa, piga simu. Najua baba ataweka sauti ya nje, basi tufanye hivi: ukiuliza hali ya Fundi Kisigino, nitajua tushone. Ukiuliza habari za shule, nitajua tukate. Hakuna mwingine atakayeelewa. Nitamwambia baba nimefikiri na kuamua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nitakuwa nimeamua kitu.

Panya


Juni 3

Kaka Mrefu,

Shikamoo. Asante kwa kupiga Ijumaa. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, wiki mbili zilikuwa zinaisha kesho yake. Uliposema, "Haya, mpe simu Panya," moyo ulinidunda mpaka nikadhani unasikika huko. Ukauliza, "Shule inaendaje?" Nikasema nzuri. Ukasema, "Kaza buti." Hata mama alicheka.

Nikakata simu, nikamwambia baba, "Tukate. Tuwaamini." Nilisema kwa sauti. Alinitazama kama mtu aliyesikia kabati likiongea.

Tulikata Jumamosi asubuhi, uani. Mama alisema anakwenda sokoni, akaondoka bila kikapu. Baba alitumia kile kisu chake cha kukatia kamba mlimani. Alianza na ulimi, ukatoka kirahisi. Kisigino kilikataa. Ngozi ilikuwa imeshiba mafuta ya miaka yote ile, kisu kikawa kinateleza. Alikiweka kiatu katikati ya magoti, yale magoti, akakibana na kukata taratibu, huku akipumua kwa pua kama anavyofanya akiwa anamng'oa mtoto jino. Kiberiti alipita kumchukua waende getini. Alisimama pale kwenye geti letu dogo. Nilingoja aseme maneno yake. Alivua kofia tu.

Baba akasema, "Hawa watu wana utaratibu wao. Wakiona tumekata watajua hatuna ujanja."

Nilipiga picha. Katika moja mkono wake umeonekana, nikataka kuifuta, kisha nikaona ndiyo iliyo wazi kuliko nyingine. Nimetuma zote.

Sasa tunangoja viatu vipya. Amenituma niangalie kwenye kadi kama wanakumbuka namba ya mguu wake. Na mimi nangoja nikusikie ukisema nilifanya vizuri.

Panya


Juni 4

Panya,

Usikate.

Bahasha yako ya mwezi uliopita ndiyo nimeifungua leo. Ilikuwa hapa mezani siku zote hizo. Sitakudanganya kwamba ilichelewa njiani. Niliiona, nikajua mwandiko, nikaigeuza uso chini. Huku kutwa tunashinda na shida za watu, nikirudi chumbani naona bahasha ya nyumbani, nasema kesho.

Nimesoma ile alama ya simu sasa hivi. Nilipiga Ijumaa. Niliuliza shule. Niliuliza shule kwa sababu huwa nauliza shule, kwa sababu sina kingine cha kuuliza, Panya.

Kama bado hamjakata, zipelekeni kwa Fundi leo hii. Mwambie mzee nimesema mimi, mwambie chochote. Soli ya Fundi itadumu kuliko chochote watakacholeta hawa. Viatu vya siku hizi hata rangi vinatoa kwa umande.

Kama mmeshakata, basi nimekuandikia bure.

Mrefu


Juni 15

(Hii ndiyo barua ya Dawati. Nimeitafsiri kwenye karatasi ili nimsomee baba, na wewe nakutumia nakala. P.)

Mpendwa Mteja,

Asante kwa kuchagua kutembea nasi.

Tumepokea picha zako na tumezichunguza kwa makini. Tunasikitika kukujulisha kwamba madai yako hayakukubaliwa. Neno "maisha" katika dhamana yetu lina maana ya maisha ya bidhaa, si maisha ya mteja. Maisha ya bidhaa hii yanakadiriwa kuwa miaka mitano tangu iliponunuliwa, iwe imevaliwa au haikuvaliwa. Kumeguka kwa soli kutokana na kuhifadhiwa muda mrefu si kasoro ya utengenezaji.

Kwa kuwa bidhaa imekwisha kukatwa, haiwezi kufanyiwa matengenezo. Aidha, karakana yetu ya matengenezo imefungwa.

Kama ishara ya shukrani, tunakupa punguzo kwa kiatu chochote cha msimu mpya. Viatu vya msimu mpya vina dhamana ya mwaka mmoja.

Katika picha ulizotuma tumeona ngozi iliyotunzwa kuliko ngozi zote zilizowahi kupita kwenye dawati hili. Ni wazi viatu hivi vilikuwa vinamsubiri mtu. Tunamwomba radhi aliyevitunza.

Taratibu, hatufukuzwi na mtu.

Rafiki wa Njia
Dawati la Wasafiri


Juni 17

Kaka,

Sina shikamoo leo. Nisamehe, nitaileta siku nyingine.

Barua yako ya "usikate" ilifika wakati vipande viko kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango. Sikumwonyesha mtu. Niliisoma chooni na nikabaki humo mpaka mama akagonga kuuliza kama naumwa tumbo. Nikasema eeh.

Kisha ikaja ya Dawati. Nilimsomea baba sebuleni baada ya kuoga, alipokuwa amenyoosha miguu kwenye kigoda na taulo ya maji moto juu ya magoti. Ulishawahi kumsomea mtu kitu cha namna hiyo, sentensi kwa sentensi, ukiigeuza lugha hewani? Unaona kinachokuja kabla yake. Unaweza kusimama, unaweza kukohoa, lakini yeye amekutazama na anangoja. Nilipofika pale pa "maisha ya bidhaa, si maisha ya mteja", aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kwa hiyo mimi nimeishi kupita kiatu."

"Ndiyo, baba."

"Sawa. Endelea."

Nikamsomea mpaka pale wanapomwomba radhi aliyevitunza. Halafu akasema, "Huyu mtu amelelewa. Wamemkataza kutoa, lakini amelelewa. Kuna mzazi mahali alifanya kazi."

Kaka, nilikunja karatasi. Ule mstari wa mwisho sikumsomea. Umeandikwa kwa lugha yao, lakini maneno ni ya kwetu. Mwalimu wangu hausemi. Kitabu chochote hakina. Hakuna kampuni inayomwandikia mteja kwamba hatufukuzwi na mtu. Kuna mtu mmoja anayesema hivyo duniani, na alikuwa mbele yangu na taulo magotini, na kuna watoto wake wawili waliomsikia.

Uliniambia uko kwenye kupima viatu.

Ni wewe?

Panya


Juni 26

Panya,

Ni mimi.

Karakana ya matengenezo ilifungwa siku wenyewe wapya walipokuja. Wale akina mama waliokuwa wakishona zipu na kubadilisha soli, waliokuwa wanajua mkoba wa mteja kwa kuushika tu, walipewa barua na mwavuli wenye nembo. Kitengo cha kupima kilifuata. Ule mguu wa chuma uko kwenye ukumbi wa mapokezi sasa, umewekewa taa. Mimi nilibaki kwa sababu nina lugha mbili. Nikapewa dawati. Sote pale tunaitwa Rafiki wa Njia, tuko kumi na kitu, wateja wanadhani ni mtu mmoja mwenye huruma sana.

Kazi yenyewe ni hivi. Barua zimepikwa tayari. Ile ya kwanza, ya kukata, inatumwa na mashine, hakuna mkono wa mtu. Zinaporudi picha, ndipo tunaingia sisi, kuchagua namna ya kukataa. Tunaruhusiwa kukubali machache kwa mwezi, nayo huwa yameisha wiki ya kwanza. Wengi wakishakata hawarudi tena kusumbua, maana hawana cha kusumbulia. Hilo ndilo lililokusudiwa. Hakuna aliyewahi kulisema, lakini ukikaa pale unaliona.

Sikuficha kwa ubaya. Mzee alikuwa ameshawaambia watu getini kwamba mwanawe anapima viatu. Ningewaambiaje kwamba napima visingizio?

Jalada lenu halikuwa na jina la mtu, ni namba tu. Nilifungua picha kama ninavyofungua zote, huku nakunywa chai. Nikaona ngozi. Nikaona mkono, na kile kidole gumba chenye kucha iliyopasuliwa na kamba. Panya, nilizima kioo cha kompyuta. Nikaenda kwa mkuu, nikamwambia huyu tumkubalie. Akauliza kwa nini. Nikasema amevitunza vizuri. Akasema, "Kutunza si kigezo." Ningeweza kulisukuma jalada kwa mwenzangu wa meza ya pili, amjibu kwa ile barua fupi. Nikaona afadhali niwe mimi. Nikaongeza yale ya mwisho, ambayo hayaruhusiwi. Sijui kama nilitaka ujue niko humo, au nilitaka wanikamate.

Likizo sikuomba. Nilikudanganya. Anayekwenda likizo hapa akirudi anakuta kiti kimehamishwa. Kila mwaka nilikuwa nasema kiangazi kijacho, na nilikuwa namaanisha. Nilidhani viatu vinaweza kungoja. Si vilikuwa na dhamana?

Wanasema mwezi ujao mashine itaanza kuandika na zile barua za pili pia.

Usimwambie mzee. Au mwambie. Wewe siku hizi ndiye mwenye kuamua.

Mrefu


Julai 9

Kaka,

Shikamoo. Nimekuletea, pamoja na ile ya siku ile.

Sikumwambia. Nilijaribu mara mbili, neno likafika mdomoni likarudi. Lakini Jumapili aliniita, akasema nichukue kalamu, anataka kulijibu Dawati. Nikamwambia jalada limefungwa. Akasema, "Mtu akikuomba radhi unamjibu. Andika." Alisema, nikaandika, na nilipotaka kurekebisha alinikataza.

Jana niligeuza kwa lugha yao na kuituma kutoka maktaba. Jibu lilikuja hapo hapo. Linasema Dawati la Wasafiri halipo tena kuanzia mwezi huu, na kwamba ujumbe unaotumwa kwenye anwani ile hausomwi na mtu. Linauliza pia tumeridhika na huduma kwa kiasi gani, tuchague kati ya nyuso tano. Sikuchagua. Nimemwambia baba imefika.

Simu yako haiiti. Sijui kama bado unaishi kwenye chumba hicho, na sijui kama bahasha hii utaigeuza uso chini. Nakuwekea karatasi yenyewe aliyoisema, kwa lugha aliyoisemea. Hii sikuitafsiri.

Panya


Kwa Rafiki wa Njia, Dawati la Wasafiri

Salaam.

Barua yako nimesomewa na binti yangu na nimeielewa. Sina ugomvi. Umefanya kazi uliyotumwa, na umeifanya kwa adabu. Nakuita kijana, maana nahisi wewe ni mtu wa rika la mwanangu.

Huyo mwanangu yuko hapo kwenu, kitengo cha kupima viatu. Ni mrefu, anainama akipita mlangoni hata kama mlango ni mkubwa. Ukikutana naye nakuomba umpe habari hizi, maana mimi na yeye kwenye simu tunaulizana hali ya hewa tu.

Mwambie nilivaa vile viatu vyangu vya zamani nikapanda mlima peke yangu wiki iliyopita. Nilifika kibanda cha kwanza. Magoti yakasema hapo hapo. Nilikaa juu ya lile jiwe bapa tulilokuwa tunakalia tukila alipokuwa mdogo, nikakaa mpaka waliokwenda juu wakarudi na kunikuta. Hilo la kukaa usimwambie. Mwambie kulikuwa na ukungu.

Mwambie beji ya kuongozea wageni nimeirudisha getini. Waliniuliza kama nataka kubaki nayo ukumbusho, nikasema hapana, wampe mwingine, pini yake bado nzuri.

Mwambie makombo ya soli mama yake ameyafagia. Zile ngozi tulizokata Fundi Kisigino alizichukua akashonea viraka kwenye mabegi ya wenzangu. Kipande cha kisigino kiko kwenye begi la Kiberiti, nakiona kila asubuhi akipita. Kwa hiyo viatu vimepanda. Vinafika juu kila wiki, bila mimi wala yeye.

Mwambie asije kiangazi hiki kwa ajili ya mlima, wala kijacho. Likizo akipewa alale.

Na wewe kijana, usiumize kichwa kwa jalada langu. Taratibu. Hatufukuzwi na mtu.

Mimi, mteja wako.